Kivoi wa Mwendwa: Mkuu Asiye na Nyumba ya Kifalme

Katika historia ya nchi za Kijerumani za enzi za kati, jina la mtawala halikukamilika mpaka litajwe pamoja na jina la baba, la babu na la nyumba alimozaliwa. Mwaka 1079 Mfalme Heinrich IV alimkabidhi Friedrich wa nyumba ya Staufen jimbo la Swabia, kisha akamwoza binti yake, Agnes. Mjukuu wa ndoa hiyo, Friedrich Barbarossa, alikuwa mfalme mwaka 1152. Mwaka 1268 kijana wa miaka 16 aitwaye Konradin alikatwa kichwa mjini Naples, na kwa kifo chake warithi halali wa kiume wa nyumba hiyo wakawa wamekwisha. Mtawala wa jimbo kama Swabia aliitwa Herzog, neno la kale ambalo asili ya maana yake ni mtu anayetangulia mbele ya jeshi. Hata hivyo, kufikia wakati wa Konradin haikuwa lazima kutangulia popote ili kulipata jina hilo. Ilitosha kuzaliwa.

Katikati ya karne ya 19 paliishi Kitui mtu aliyetangulia kwelikweli. Aliongoza misafara ya watu kwa miguu kutoka Ukambani, kupitia nyika ya Taru, hadi nyuma ya Mombasa, na kuirudisha tena kwao. Huyo ni Kivoi wa Mwendwa. Hakuzaliwa katika nyumba ya watawala, kwa kuwa Ukambani hapakuwa na nyumba ya aina hiyo. Wala hakuiacha nyumba ya namna hiyo nyuma yake. Licha ya hayo, maandishi mengi ya historia humwita Chifu Kivoi, na wanafunzi wengi hulikariri jina hilo pasipo kuliuliza. Cheo hicho kina historia yake, na ni vyema kukiweka kando kwanza ili mtu mwenyewe aonekane.

Jamii ya Wakamba ya wakati huo ilijengwa kutoka chini. Palikuwa na musyi, yaani boma la mtu na wake zake na watoto wake. Maboma yaliyo jirani yalifanya utui, na katika kila utui palikuwa na thome, mahali pa wazi ambapo wanaume walikutana kuota moto, kuhukumiana na kupanga mambo. Juu ya hayo palikuwa na nzama, baraza la wazee walioitwa atumia. Mtu aliingia katika baraza hilo kwa umri na kwa kutoa mbuzi na ng'ombe waliohitajika, si kwa kuwa baba yake alikaa hapo kabla yake. Koo zilikuwapo, tena nyingi, kama vile Aombe, Atangwa, Anzauni na Akitondo. Kazi ya ukoo ilikuwa kuamua nani asimwoe nani, nani alipe fidia ya damu na nani aipokee. Haikuwa kazi ya ukoo kumtoa mfalme. Mtu akitaka kuchora nasaba ya watawala wa Kitui kabla ya Waingereza kufika, kalamu yake haitakuwa na pa kuanzia.

Pamoja na hayo, watu hawakuwa sawa kwa uzito. Aliyekuwa na mifugo mingi, wake wengi na ulimi uliosikilizwa aliitwa mundu munene, mtu mkubwa. Aliyejua njia, maji na hatari za nyika, na ambaye vijana walikubali kumfuata katika uwindaji au vita, aliitwa muthiani. Neno hili la pili lakaribiana sana na lile la Kijerumani katika asili yake. Tofauti ni kwamba huko Ulaya kazi ya kutangulia iligeuka kuwa mali ya ukoo, ikarithishwa pamoja na ngome na mashamba, ilhali Ukambani ilibaki kwa yule ambaye miguu yake ilikuwa bado inaweza. Muthiani aliyeshindwa mara mbili hakuwa na wa kumwongoza mara ya tatu.

Mwaka aliozaliwa Kivoi haukuandikwa popote. Aghalabu hukadiriwa kuwa ni mwishoni mwa karne ya 18. Jina la baba yake, Mwendwa, lingemchekesha kidogo mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana na Kikamba kwa mara ya kwanza. Katika Kikamba kwenda ni kupenda, na kuenda mahali husemwa kwa kitenzi kingine. Mwendwa, basi, ni mpendwa. Ni jina la kawaida Ukambani, nalo halibebi dai lolote la utukufu wa ukoo.

Kitui ilikuwa nchi ya wahamiaji. Wakamba waliitazama milima ya Mbooni, upande wa Makueni wa leo, kuwa kitovu chao, na ni kutoka huko ambako makundi yalivuka mto Athi katika karne ya 18 na kuenea mashariki. Mbooni ina mvua na udongo mzito. Ukivuka kwenda Kitui, na hasa ukiteremka kutoka vilima vya katikati kuelekea nyanda kavu, mvua huwa ni ya kubahatisha. Mtama na mbaazi vilistawi mwaka mmoja, vikateketea mwaka wa pili. Waliohamia huko hawakuweza kuishi kwa jembe peke yake. Waliwinda, na uwindaji huo ndio uliokuja kuwatajirisha baadhi yao, kwani nyanda hizo kavu zilikuwa na tembo.

Wakamba walisifika kwa upinde na kwa mishale iliyopakwa sumu inayochemshwa kutokana na mti wa kivai. Nyama ya tembo iliwafaa wao wenyewe. Pembe zake hazikuwa na matumizi makubwa nyumbani, bali pwani zilikuwa zinaulizwa kwa hamu iliyozidi kila mwaka. Sayyid Said wa Oman alikuwa akiyahamishia Unguja makao yake ya utawala. Mwaka 1833 alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akawaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa. Wafanyabiashara Wahindi walinunua pembe na kuzisafirisha Bombay, na kutoka huko zikaendelea Ulaya na kwingineko. Kutoka upande wa pili zilikuja shanga, waya wa shaba na zile nguo nyeupe ambazo Kiswahili kiliziita merikani kwa jina la zilikotoka.

Katika miaka hiyo ya 1830 Ukambani ilipatwa na njaa kali, na baadhi ya watu wakahamia karibu na pwani, nyuma ya Rabai, wakalowea huko. Tukio hilo la huzuni lilifungua njia. Mkamba wa Kitui aliyeshuka na pembe sasa alikuwa na jamaa wa kumpokea karibu na soko, anayejua bei, anayejua lugha, na anayejua ni nani kati ya madalali wa Kirabai na Kigiriama wa kuaminiwa. Hivyo, pasipo mfalme wala jeshi la kudumu, Wakamba wakawa wenye njia baina ya Mombasa na bara katika kipindi cha takribani vizazi viwili. Hawakuishia kwao. Walivuka Tana kwenda kwa Waembu na Watharaka, wakaingia kwa Wakikuyu, wakabadilisha bidhaa za pwani kwa pembe na vyakula.

Kivoi alikuwa mkubwa kuliko wote katika kazi hiyo, au angalau ndiye ambaye sifa zake zilifika mbali zaidi. Kazi yenyewe haikuwa ya kubeba pembe begani tu. Ilimlazimu kiongozi kukusanya vijana kutoka tui nyingi ambazo hazikuwa na mkubwa mmoja, na kila mmoja wao alikuwa huru kukataa. Ilimlazimu kuwahakikishia wazazi wao kwamba wangerudi. Ilimlazimu kujua ni siku ngapi za kutembea kutoka dimbwi moja hadi jingine katika Taru, ambako maji hayapatikani kwa masafa marefu, na kujua Wamaasai walikuwa upande gani wa uwanda mwezi huo. Kule mwisho wa njia alihitaji udugu wa kuapiana na watu wasio wa kabila lake. Kisha mali iliporudi, alihitaji kuigawa kwa namna ambayo ingewafanya wale wale wakubali kufuatana naye msimu ujao. Ugawaji huo ndio uliokuwa utawala wake. Alikuwa na wake wengi na wategemezi wengi, wakiwamo watumwa, jambo ambalo wapenzi wa Kivoi wa leo hulipita kimyakimya ingawa biashara ya bara wakati huo haikutenganisha kabisa pembe na binadamu.

Habari zake zingebaki katika masimulizi ya thome peke yake lau si mtu mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuandika kila siku. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen katika ufalme wa Württemberg, ndani ya mipaka ya Swabia ile ile ya akina Staufen. Nchi ya kwao ilikuwa kitabu kilichofunguliwa cha nasaba. Mabwana wa Württemberg walianza kama wakubwa wadogo, wakanufaika na kuanguka kwa Staufen. Eberhard, aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1477, alipandishwa kuwa Herzog mwaka 1495. Na mwaka 1806, miaka minne kabla ya Krapf kuzaliwa, nyumba hiyo ilivishwa taji la ufalme. Mtoto wa mkulima wa Derendingen alijua tangu utotoni kwamba nchi ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana baba.

Afrika ya Mashariki haikuyapinga mara moja mazoea hayo. Watawala aliokutana nao Krapf kabla ya kufika Kitui walikuwa na nasaba ndefu kama za kwao. Huko Shoa, Ethiopia, alikaa karibu na Mfalme Sahle Selassie, aliyejihesabu katika ukoo wa Sulemani. Mwanzoni mwa mwaka 1844 alipokewa Unguja na Sayyid Said wa ukoo wa Busaidi, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwaka huo huo alifika Mombasa, na kabla ya miezi mingi kupita akawa amemzika huko mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walijenga kituo cha Rabai. Mwaka 1848 alikwenda Usambara, akamwona Kimweri akitawala kutoka Vuga, amewaweka wanawe katika sehemu za nchi yake. Kimweri alikuwa wa nyumba ya Wakilindi, ambayo kwa masimulizi ya Wasambaa ilianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka nje ya nchi. Hapa pana jambo la kutafakari. Mbegha alikuwa mwindaji, na kutokana na uwindaji wake na ugawaji wa nyama Wasambaa wakamtoa mfalme na wana wa wafalme. Kivoi alitoka katika jamii ya wawindaji walio hodari vilevile, alikuwa na vitu vingi zaidi vya kugawa, na Wakamba hawakumtoa mfalme.

Tarehe 1 Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani kwa mara ya kwanza. Alipita Yatta, na mwishoni mwa mwezi huo akafika kwa Kivoi. Ukarimu aliopewa haukuwa wa bure, na hapana aibu kulisema. Mgeni wa namna hiyo alimwongezea Kivoi heshima mbele ya majirani na mbele ya watu wa pwani. Tena mgeni huyo alikuwa na bunduki, na alikuwa anajulikana kwa liwali wa Mombasa. Naye Krapf alimhitaji Kivoi kwa sababu nyingine. Alitaka kujua nchi iliyo ng'ambo ya Tana, na aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka bahari hadi bahari kupitia bara zima. Kila mmoja aliona kwa mwenzake mlango.

Rebmann alikuwa ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na habari hiyo ilikuwa ikibishwa vikali na mabingwa wa jiografia waliokaa London, mmojawao akiwa W. D. Cooley. Kivoi hakuwa na ubishi huo. Alikuwa ameufikia Uchagga na alijua mlima mweupe wa huko. Alimweleza mgeni wake kwamba upo mwingine wa aina hiyo, tena uonekana kutoka Kitui mbingu zikiwa safi. Mtu wa Embu aitwaye Rumu wa Kikandi, aliyekuwa hapo, aliongeza habari za weupe na baridi ya juu ya mlima ambayo iliwazuia watu wasiupande. Mnamo tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka kwa muda, na Krapf akaona vilele viwili na weupe wake. Jina alilolisikia kwa Wakamba, Kiima Kya Kinyaa, ambalo wengi hulifungamanisha na rangi nyeusi na nyeupe za mbuni, aliliandika kwa namna mbalimbali, kama vile Kegnia na Kenia. Wasomi wa Ulaya walimcheka kwa miaka mingi. Joseph Thomson aliuona mlima huo mwaka 1883, na kicheko kikaisha, Krapf akiwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla. Mwaka 1920 jina lililotamkwa katika boma la Kivoi lilifanywa kuwa jina la koloni zima.

Mwaka 1850 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya. Mwaka huo huo ilichapwa Tübingen sarufi yake ya Kiswahili, na katika mji huo huo ikatoka tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Mji wa chuo cha Herzog Eberhard ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo Kikamba kilipigwa chapa. Haielekei kwamba kulikuwa na watu wengi mjini humo walioweza kukisoma.

Tarehe 11 Julai 1851 aliondoka Rabai tena. Alikusudia kujenga kituo Yatta, na alipoona kwamba hakuna msingi wa kazi hiyo akaendelea hadi Kitui kwa Kivoi. Wakakubaliana kwenda Tana pamoja. Mmoja alikuwa na mawazo ya mto na mataifa yaliyo ng'ambo yake. Mwingine alikuwa na mambo ya pembe. Kivoi alichukua watu wake, na hapana shaka aliichukulia safari hiyo kuwa moja kati ya nyingi.

Tarehe 27 Agosti, wakiwa wamekaribia mto, walivamiwa na kundi kubwa la wanyang'anyi. Msafara ulitawanyika. Krapf alifyatua bunduki mara mbili, lakini hewani, kwani hakuweza kujilazimisha kumwaga damu ya mtu. Kivoi aliuawa hapo pamoja na baadhi ya wafuasi wake wa karibu. Mtu aliyejua njia kuliko wote alikufa njiani, karibu na maji aliyoyajua.

Yaliyompata Krapf baadaye yamesimuliwa mara nyingi kuliko kifo cha Kivoi, jambo linaloonyesha ni nani aliyekuwa na kalamu. Alipotea peke yake porini. Kiu ilimfikisha Tana, mto aliokuwa ameutafuta kwa miaka, na hakuwa na chombo. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vipande vya nguo, akaanza kurudi usiku kwa usiku. Alifika Kitui akiwa amedhoofu. Huko akakuta kwamba kuokoka kwake ndiko kulikokuwa kosa lake.

Jamaa za Kivoi walimshtaki. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyekwenda na mkubwa na kuwa na silaha bora kuliko za wote hakuwa na haki ya kurudi akiwa mzima ilhali mkubwa amekufa. Wengine wakaona kwamba uchawi wake ndio uliomwua Kivoi. Palikuwa na shauri la kumwua. Krapf alilieleza jambo hilo kama ukatili, na kwa mtu aliye katika hatari ya kufa maelezo hayo ni ya haki. Lakini kuna njia nyingine ya kulisoma. Jamaa hawakuuliza nani atakaa mahali pa Kivoi. Hawakumtafuta mwana wa kwanza wala kumpeleka kijana mbele ya wazee ili avishwe kitu. Waliuliza nani atalipa. Suala lililokuwa mbele yao lilikuwa la damu, na damu ilikuwa kazi ya ukoo. Suala la cheo halikuwapo, kwa maana cheo chenyewe hakikuwapo. Huko Swabia Konradin alipokufa swali lilikuwa nchi ni ya nani sasa. Kitui swali lilikuwa mgeni huyu awajibike vipi. Krapf alitoroka usiku, akajificha mchana na kutembea gizani, na mwishoni mwa Septemba akarejea Rabai. Mpango wake wa vituo Ukambani ukafa hapo.

Mwisho wa Kivoi unapaswa kulinganishwa na miisho ya wale watatu wengine. Sahle Selassie alifariki mwaka 1847, na mjukuu wake, Menelik, akawa Kaisari wa Ethiopia mwaka 1889. Sayyid Said alifia baharini mwaka 1856, na wanawe wakagombania hata milki ikakatwa pande mbili mwaka 1861, Unguja ikawa mbali na Oman. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860 mapema, Usambara iliingia katika vita vya urithi vilivyoirarua nchi kwa miaka mingi. Nasaba iliwapa watu hao warithi, na warithi wakawapa watu wao vita. Kivoi hakuwa na cha kugombaniwa zaidi ya ng'ombe. Misafara ya Wakamba haikusita kwa sababu ya kifo chake. Wakubwa wengine waliongoza yao, kila mmoja kwa wafuasi wake, mpaka misafara ya Waswahili na Waarabu ilipoanza kuingia bara yenyewe na kuwapunguzia Wakamba faida yao. Watetezi wa wafalme watasema kwamba nchi isiyo na mrithi haiwezi kujilinda. Hoja hiyo ina uzito wake, na mwaka 1889, Kampuni ya Kiingereza ilipoweka ngome Machakos, hapakuwa na mtu mmoja wa kuzungumza kwa niaba ya Ukambani yote. Lakini pia hapakuwa na mtu mmoja wa kuiuza.

Utawala wa Kiingereza haukuweza kufanya kazi na thome. Sheria za mwaka 1902 na 1912 ziliweka wakuu wa vijiji na machifu, watu waliokuwa wakipokea mshahara, kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Kwa mara ya kwanza Kitui ikawa na cheo kilichokaa hata mwenye cheo akiondoka. Cheo cha namna hiyo kikishapatikana, nyumba huanza kujengeka kukizunguka. Matinyani, upande wa magharibi wa mji wa Kitui, ndiko kwenye mfano unaojulikana zaidi. Huko kulitawala Chifu Mkuu Mwendwa wa Kitavi, na katika nyumba yake wakatoka Eliud Ngala Mwendwa, waziri wa kazi katika serikali ya kwanza ya Kenya huru. Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, kuanzia 1968 hadi 1971. Na Kyale Mwendwa, ambaye naye alifikia uwaziri. Nyiva Mwendwa, mke wa Kitili, aliteuliwa waziri mwaka 1995, akiwa mwanamke wa kwanza kukaa katika baraza la mawaziri la Kenya kwa wadhifa kamili. Hii sasa ni nasaba ambayo mwanahistoria wa Württemberg angeitambua mara moja, ikiwa na mwasisi, wana, ndoa na madaraka yanayofuatana. Ilijengwa kwa shule na kwa kura pamoja na ukubwa wa baba. Kufanana kwa jina la Mwendwa kusichukuliwe kuwa ushahidi kwamba nyumba hiyo yatoka kwa Kivoi. Wapendwa ni wengi Ukambani.

Ni kutokana na wakati huo wa machifu kwamba Kivoi alivishwa cheo ambacho hakukijua. Krapf alikuwa ametumia neno la kwao la mkuu wa kabila, na kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, kikalieneza. Wasomaji wa baadaye walipolikuta neno hilo, tayari walikuwa na chifu wao wa kodi na kofia machoni, wakamvika Kivoi kofia hiyo hiyo. Wanaoandika kwa Kiswahili wana taabu ya ziada. Mfalme hamfai, sultani hamfai, jumbe ni wa mahali pengine, na mtemi ni wa Unyamwezi na Usukuma. Mkuu lafaa kidogo kwa kuwa halisemi mengi. Nyumba ya kifalme ya Württemberg yenyewe iliacha taji mwaka 1918, na tangu hapo wana wake nao hutajwa kwa majina bila ya nchi. Wazee wa Kitui wa mwaka 1851 walipomzungumzia marehemu hawakuhitaji lolote kati ya maneno hayo. Walimtaja kwa jina lake na la baba yake, Kivoi wa Mwendwa, na kila aliyeketi pale thome alijua ni nani.